Naomba ushauri: kufuta taarifa ya mahali zilipopigwa picha za chemshabongo

Assalaam aleikum jamani. Kundi letu la WhatsApp hapa Unguja hutegana picha zilizopigwa kwa karibu sana: meno ya mbuzi ya kukunia nazi, njumu za mlango wa Mji Mkongwe, "nini hiki?" Ukikata kipande kidogo ukakituma kama picha, WhatsApp hukibana, mikwaruzo midogo yote ikapotea, hapo ni kubahatisha tu. Ukituma kama faili kinafika kizima, lakini kinabeba na eneo kilipopigwa. Mjanja anafungua maelezo, anasoma Darajani, kazi kwisha! Kupiga picha ya skrini kunafuta eneo, ila ubora unashuka. Kuzima eneo kwenye kamera kunasaidia picha mpya tu. Za zamani, kwa Android, nizisafishe vipi bila kuziharibu?