Landrova 109 ya babu: niipige rangi upya au niipeleke na michubuko yake?

Mjukuu wa Kongwa

Mbukwenyi ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Jumapili iliyopita tulikusanyika watu kama thelathini kwenye kiwanja cha wazi huku Ipagala, Dodoma, kutazama magari ya zamani ya Kiingereza. Yalifika saba: Morris Minor ya rangi ya maziwa, Austin ya kubebea mizigo, Landrova nne, na lori la Bedford, lile la pua ndefu, ambalo mwenyewe alitoka nalo Mpwapwa alfajiri akija polepole. Gari langu halijawa tayari, kwa hiyo nilikwenda na bodaboda nikidhani nitakaa nusu saa. Niliondoka magharibi.

Aliyenizuia ni mzee mmoja aliyepita miaka themanini, aliletwa na binti yake. Alilizunguka lile Bedford mara mbili bila kusema neno, kisha akaomba kupanda. Alipokaa tu, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye gia, mguu ukakanyaga klachi, ukaachia, ukakanyaga tena. Injini imezimwa, lakini yeye alikuwa barabarani. Akaanza kutusimulia jinsi walivyoshuka milima ya Kondoa na magunia ya mahindi enzi za vumbi tupu, na kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo unayoshukia nayo, usidanganywe na mteremko. Vijana waliokuwa wanapiga picha waliacha simu, wakasogea. Bado naiona ile miguu yake.

Sasa suala langu. Babu yangu alikuwa tanboi Kongwa kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951. Alikuwa akitusimulia matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita yalivyohangaika na mibuyu na udongo unaokauka kama saruji. Hapo ndipo alipopenda mashine. Mwaka 1974 akanunua Landrova yake mwenyewe, 109 ya petroli (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), kadi inasema 1966. Ilibeba zabibu, maharusi, maiti, na wagonjwa wa kupeleka hospitali ya Mvumi. Babu alifariki 2011, na tangu hapo imesimama chini ya mkwaju.

Injini ni ileile. Mlango wa kushoto umebonyea, fahali aliupiga pembe mnadani. Rangi ni kijani, imepakwa kwa brashi, michirizi inaonekana. Mpiga rangi mmoja anataka kujaza puti kila mahali na kupuliza rangi ya fedha inayong'aa. Fundi mwingine anashauri nitoe injini nifunge dizeli ya Toyota. Na fundi umeme alinifungia betri mpya, stata inazunguka vizuri, lakini mshale wa ameta, ile saa ya kuonyesha chaji, unakwenda kinyume. Nifanye nini kabla ya mkusanyiko ujao?

Fundi wa Kizota

Marahaba mwanangu. Nimeshika spana tangu 1978.

Anza na umeme, kwa sababu hapo ndipo utakapounguza kitu. Landrova za petroli za wakati huo zilitoka kiwandani na chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Vijana wamezaliwa wakakuta kila gari hasi iko chini, kwa hiyo hawaulizi. Stata haijali nguzo zimekaa vipi, ndiyo maana injini ilizunguka ukaona mambo ni shwari. Dainamo, lile linalochaji betri, linajali. Rudisha betri kama ilivyokuwa. Kisha chomoa nyaya za dainamo, chukua waya kutoka upande wa betri usiofungwa kwenye bodi, uguse ile terminali ndogo yenye herufi F, uguse na kuachia papo hapo. Itatoa cheche kidogo. Hapo dainamo limekumbuka upande wake, rudishia nyaya.

La pili, spana. Nati zake ni za inchi. Spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, na huko kuingia ndiko kubaya, kwa sababu inacheza na kuzila kona. Nati ikishaviringika utatumia patasi, na patasi ndiyo iliyoua magari mengi ya namna hii kuliko barabara. Namba 19 na robo tatu ya inchi wanaelewana, nyingine tafuta seti ya inchi. Ukikosa, njoo gereji nikuazime.

Bodi yake ni aluminiamu, haipati kutu nyekundu, ila pale inapogusana na chuma utaona unga mweupe. Ogopa chasisi. Ni chuma, ni boksi, inaliwa kutoka ndani huku nje inang'aa. Lala chini na nyundo ndogo, gonga taratibu kutoka mbele mpaka boriti ya nyuma. Pazima panalia ngii, palipooza panasema bu. Sisi Dodoma ukame umetusaidia, wenzetu wa Tanga wanalia, lakini tope lililogandia miaka yote hiyo hutunza unyevu, kwa hiyo kwangua kwanza.

Breki ni za dramu magurudumu yote manne na mfumo wake ni mmoja. Mpira mmoja ukivuja, pedali inazama yote. Raba zote na mipira yote mipya kabla hujafikiria hata kopo la rangi.

Injini usiiguse. Ina sentimita za ujazo 2,286, haina mbio lakini inavuta kutoka chini, na ukiitoa umebakiza sanduku lenye jina. Jifunze klachi mara mbili kama yule mzee wako wa Bedford, maana gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kile kifaa kinachofanya gia iingie laini. Kirungu cha njano unakibonyeza kupata magurudumu manne, chekundu unakivuta kupata gia nzito.

Na rangi usipulize. Lile bonde la fahali liache palepale.

Mama Kondoa

Salaam kwenu wote. Kwenye rangi mimi na fundi tunapishana, na nitasema kwa nini.

Mtoto wangu wa tatu nilimzaa mwaka 1981 ndani ya Landrova kama hiyo, kwenye mchanga, kabla hatujafika hospitali. Nakumbuka harufu ya petroli na turubai. Nakumbuka dereva alivyosimamisha gari, akawageuza wanaume wote watazame upande wa mto, akavua shati lake jeupe akampa mama mkwe wangu amfunge mtoto. Gari lile lilikuwa safi. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya taa, hata siku ambayo hakuna safari. Sisi tuliolitegemea hatukulipenda kwa sababu limechakaa. Tulilipenda kwa sababu lilikuja, na lilipokuja lilikuwa limeoshwa.

Nyinyi mnapenda michubuko kwa sababu hamkuwemo ndani siku ilipopatikana. Mzee akiitwa arusini anavishwa kanzu safi, haambiwi aje na ile ya shambani ili watu wajue alilima. Mwanangu, mvishe babu yako kanzu.

Ila rangi ya fedha hapana. Hakuwahi kuwa wa fedha.

Msafiri wa Coventry

Nasoma hii nikiwa Coventry, Solihull iko jirani tu, huko ndiko Landrova ya babu yako ilikotengenezwa. Niliyoyaona huku huenda yakawasogeza karibu fundi na mama.

Kila Jumapili ya kwanza ya Novemba magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905 huondoka Hyde Park, London, jua linapochomoza, kwenda Brighton baharini. Wanakumbuka Novemba 14, 1896, walipofurahia sheria mpya iliyoondoa sharti la mtu kutembea kwa miguu mbele ya gari. Nilisimama kwenye baridi kali nikaangalia vigari vinavyotetemeka vikipita, abiria wamejifunika mablanketi. Mengine yameharibika njiani, mwenyewe amelala chini, na wapita njia wanamshikia tochi. Nilidhani ni mchezo wa matajiri peke yao, lakini niliyezungumza naye mimi alikuwa fundi bomba mstaafu.

Kilichonigusa zaidi ni mabasi. Kwenye makumbusho ya mabasi ya London kule Brooklands nilipanda Routemaster, lile jekundu la ghorofa lenye mlango wazi nyuma. Yalijengwa 2,876, yakaanza kubeba abiria 1956, na safari za kawaida za mwisho zikawa Desemba 9, 2005, njia ya 159. Nayo bodi yake ni aluminiamu. Waliolijenga walitumia ujuzi walioupata kwa kutengeneza ndege za vita. Landrova nayo ilipotokea 1948 chuma kilikuwa cha mgao, ndiyo maana wakakimbilia aluminiamu. Hivyo babu yako na kondakta wa London walifanya kazi ndani ya bati la ukoo mmoja.

Huku watu wanatofautisha gari lililochakaa na gari lililotelekezwa. La kwanza linaoshwa, linapakwa nta, linatiwa mafuta, na kovu lake linaachwa. Kwenye kioo mwenyewe anaweka karatasi: lilinunuliwa lini, lilibeba nini, picha moja au mbili. Watu wanasimama kwenye ile karatasi kuliko kwenye injini. Na ruhusu watu wapande. Gari lililozungushiwa kamba watoto wanalipita.

Wa Bahi

Nilikuwa Arusha Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover, walipokuwa wanaifukuzia rekodi ya Wajerumani ya msururu wa magari 632. Msururu ule sijawahi kuuona. Lakini umati ulikuwa unajaa kwenye kuukuu zenye taa katikati ya grili, kabla hawajazihamishia kwenye madigadi. Ya babu yako 1966 itakuwa na taa katikati. Tutajieni siku na mimi nije.

Mjukuu wa Kongwa

Asanteni sana. Narudi na majibu.

Betri nimeigeuza, dainamo nimeligusisha kama ulivyonielekeza mzee wangu, na mshale wa ameta sasa unakwenda upande wake. Nyundo imesema "bu" sehemu mbili, zote karibu na boriti ya nyuma, zitachomelewa wiki hii. Raba za breki nimezipata, mipira miwili bado. Seti ya inchi nitakuja kuazima kesho asubuhi.

Kuhusu rangi, mama Kondoa, nilisoma ujumbe wako mara tatu, kisha nikampigia bibi. Akaniambia babu alikuwa akiipaka mwenyewe kila mwaka baada ya mavuno ya zabibu, kijani kilekile, kwa brashi ileile, na bonde la fahali alilipaka tu juu yake bila kulinyoosha. Kwa hiyo nitaiosha na kuipaka kijani kwa brashi. Michirizi itakuwepo. Bonde litakuwepo.

Jambo moja sikulitegemea. Nilipoinua kiti cha mbele kusafisha, nilikuta kwenye bati la chini maandishi ya penseli ya babu, safu ndefu. Jina, mahali, na neno moja pembeni. "Mvumi, mgonjwa, bado." "Kibaigwa, maiti, bado." "Mvumi, mzazi, kuku." Nimehesabu "bado" arobaini na moja. Nilimpelekea bibi picha. Akanyamaza, kisha akasema nisimtafute mtu, madeni yale yalisamehewa mbele ya watu siku ya arobaini ya babu. Bati lile halitaguswa na brashi. Msafiri, karatasi ya kwenye kioo nitaiandika, ila majina ya watu sitayaweka.

Wa Bahi, ni Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi, palepale Ipagala. Binti wa yule mzee wa Bedford amesema atamleta tena. Bibi naye anakuja kutoka Kongwa, nitamfuata mwenyewe na hiyohiyo Landrova, breki zikikubali. Mbele kuna nafasi tatu. Safari zote za Mvumi bibi alikaa katikati ili mgonjwa apate dirisha. Safari hii amesema anataka dirishani.