CO2 ndani ya maji: mbona tunapata hidrojeni tupu?

Prof_Himbi (Goma)
Jambo wandugu. Nafundisha kemia sekondari. Wanafunzi wangu wanaijua mazuku, yaani CO2 (kaboni dioksidi) inayotuama mabondeni, tangu utotoni: mbuzi analala bondeni, asubuhi haamki. Na chini ya Ziwa Kivu zimelala takriban kilomita za ujazo 300 za gesi hiyohiyo. Wakaniuliza: haiwezi kugeuzwa kitu cha kufaa? Tukatengeneza CO2 kwa siki na bikaboneti, tukaipitisha katika maji yenye bikaboneti, nyaya mbili za shaba, betri ya pikipiki. Kwenye hasi viputo tele, ukivisogezea kiberiti vinalia "pa!". Kwenye chanya maji yakawa buluu-kijani. Nasikia kuna bakteria wanaoigeuza CO2; wao wanafauluje?

Kobalti_Lushi (Lubumbashi)
Prof, hao watoto wameuliza jambo kubwa. Lita moja ya maji, kwa nyuzi 25, inabeba kama gramu 1.5 tu za CO2, lakini maji yenyewe yamejaa kote. Lazima hidrojeni ishinde. Tena kuipa CO2 elektroni moja peke yake kunadai volti -1.9, ngumu sana. Ukiipa mbili pamoja na protoni, ikawa CO (monoksidi ya kaboni), ni -0.53 tu kwa pH 7, rahisi zaidi. Kimeng'enya cha bakteria kinapita njia hiyo ya pili: nikeli inashika kaboni, chuma kilicho jirani kinashika oksijeni, na molekuli inajikunja.

Wakemia nao waliitafuta njia hiyo ya pili. Mwaka 1984 Jean-Pierre Sauvage na wenzake, Ufaransa, waliitia nikeli ndani ya molekuli ya pete yenye nitrojeni nne. Katika maji ikatoa CO, hidrojeni kidogo mno. Elektrodi yao ilikuwa zebaki, kwa hiyo shuleni hapana! Mimi moyo wangu uko kwa kobalti ftalosianini (kobalti ndani ya molekuli ya pete) iliyopakwa juu ya kaboni. Kobalti inatoka huku kwetu, inasafirishwa ghafi. Nataka kuona siku mtoto wa Katanga anatengeneza kichocheo kwa kobalti hiyo.

Mama_Labo (Bukavu)
Prof, ile buluu-kijani ni shaba ya chanya inayoyeyuka. Weka kaboni ya betri kavu upande huo. Volti 12 ni nyingi, anza na 3. Fanyieni nje: CO haina harufu na inaua. Na mtoto yeyote asitumwe kuchota gesi ya mazuku, tafadhali.

Prof_Himbi
Asante, Mama. Hiyo kaboni ina unga mweusi, niutoe?

Mama_Labo
Ndiyo, ni oksidi ya manganizi. Kwangua, kisha chemsha mara mbili, ukibadilisha maji.