Meza sita za ofisi: nimpe fundi advansi ya asilimia 70?

Wakuu, salaam. Tumehamia ofisi mpya Kinondoni, tuko sita. Meza za dukani tulizoacha zilimwagikiwa chai mara mbili tu, kona zikavimba kama andazi. Safari hii nataka mbao halisi, za kuchongwa kwa mkono, na zisiwe za magendo ya porini. Fundi mmoja wa Keko anasema mninga, ila anataka advansi asilimia 70. Nitoe?

SEREMALA MSTAAFU: Usitoe, bosi. Mpe ya mbao tu kwanza, nyingine akishaunga, ya mwisho meza ikiwa imesimama ofisini kwako. Mninga ni mtamu kwa randa, lakini unakua polepole mno. Mtiki wa kupandwa, kama ule wa shamba la Longuza kule Muheza, unakutosha. Nenda naye kwenye mbao, udai risiti na alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, iliyogongwa kwenye mbao.

MAMA STOO: Mimi niliponzwa na ubichi wa mbao. Meza ilikuja Machi inang'aa, Juni ufa unameza sarafu ya mia mbili! Kama mna kiyoyozi ndiyo kabisa. Kabla hajakata, apime unyevu. Ukizidi asilimia 12 mwambie asubiri.

MUULIZAJI: Duh, AC sikuiwaza. Na droo je?

SEREMALA MSTAAFU: Aunge kwa meno ya mbao yanayoshikana, siyo misumari. Mwambie akuoneshe droo moja kabla hajapaka vanishi. Vanishi inaficha mengi.