Naomba ushauri: ndizi mbivu za kuoka kwa tui, chini zinaelea maji

Assalamu alaykum wapishi.

Vipimo ni hivi: ndizi za mkono wa tembo 4 zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, tui zito kikombe 1, sukari vijiko 3 vya chakula, iliki punje 6 za kutwanga, chumvi kidogo, samli kijiko 1 cha kupaka treya. Ndizi zinapasuliwa kwa urefu, zinapangwa, tui linamiminwa juu, kisha oveni digrii 180 kwa dakika 35.

Juu panapata rangi nzuri, lakini chini tui limekatika: mafuta mbali, maji mbali. Najua tui likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, na ndani ya oveni huwezi kukoroga. Sukari nayo inavuta maji ya ndizi. Sasa, nilipike tui kwanza na kijiko 1 cha unga wa mchele mpaka lishike, ndio nimimine? Au nioke ndizi peke yake kwa samli dakika 20, tui liingie mwisho? Unga naogopa utaleta ladha ya uji.

Ndizi za pukusa na kisukari msinishauri, zinavurugika zote.

Na wa Pemba mnaopalia makaa juu ya sufuria: chini mnabakisha makaa kiasi gani? Nataka ziliwe za moto baada ya futari, kwa hiyo kusubiri zipoe ili tui lishike hakunisaidii.