Mrejesho: Velodromu ya London, nimefaulu tathmini

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama mtu aliyezoea baiskeli ya barabarani anaweza kwenda tu Lee Valley VeloPark, ile velodromu (uwanja wa mbio za baiskeli) ya Olimpiki ya 2012, akakodi baiskeli na kujiunga na mazoezi ya wazoefu. Jibu: haiwezekani. Lazima upite hatua nne za tathmini mbele ya kocha, na hakuna kuruka hatua.

Baiskeli yenyewe haina breki wala giya za kubadilisha. Gurudumu la nyuma likizunguka na pedali zinazunguka, kwa hiyo ukisahau ukataka kupumzisha miguu, inakurusha! Kusimama ni kupunguza kasi taratibu, unashuka chini, unashika uzio.

Kilichonitisha ni kona. Njia ni ya mbao, mita 250, na konani imeinama nyuzi 42. Ukiitazama kutoka chini unaona ukuta kabisa. Kocha alikuwa anapaza sauti, "Kanyaga! Kanyaga!" Maana kasi ndiyo inayokushikilia pale juu; ukilegea kwa woga, tairi zinateleza.

Hatua za mwisho ni za kundi, na ndizo zinazochuja watu. Unafuata gurudumu la mwenzako kwa karibu, unaangalia nyuma ya bega kabla ya kupanda juu zaidi kwenye njia, unampita mtu kwa kulia, na mistari iliyochorwa njiani, mweusi, mwekundu na wa buluu, unaiheshimu. Miguu mizuri bila kuangalia nyuma, hupiti.

Viatu vya kliti (vile vinavyonasa kwenye pedali) nilikuwa navyo, baiskeli bado nakodi palepale.