Kwa nini Sega iligeukia mbio za NASCAR ilipotengeneza Daytona USA?

Usukani_wa_Kushoto:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninafuatilia historia ya michezo ya video ya mashine za sarafu, na kuna jambo linanishughulisha. Kampuni ya Namco ilipotoa mchezo wa Pole Position mwaka 1982, na kampuni ya Sega ilipotoa Virtua Racing mwaka 1992, magari yaliyoigwa yalikuwa ya Formula 1. Kisha ikaja Daytona USA, iliyoonekana kwanza Japani mwaka 1993, ambayo iliigeukia NASCAR, mbio za Wamarekani za magari yenye umbo la magari ya kawaida ya barabarani. Je, waliwaza soko tu, au mbio zenyewe zina kitu kilichofaa mashine ya sarafu?

FundiBodi:
Ndugu muulizaji, soko lilichangia, lakini mimi naliona jibu kwenye bodi ya gari. Magurudumu ya Formula 1 yako wazi, na yakigusana na ya gari jingine, mara nyingi safari ya dereva huishia hapo. Hata katika Pole Position, kuligonga gari la mwenzako kulileta mlipuko. Gari la NASCAR limefunikwa magurudumu, kwa hiyo madereva husukumana, hukwaruzana ubavuni na kuendelea na mbio. Mtu aliyetia sarafu yake anataka kupenya katikati ya magari 40, agonge, ayumbe, kisha ajirudishe barabarani, na hilo mbio hizi zinaliruhusu kwa asili yake. Aidha, katika uwanja wa duara kona zote huelekea kushoto, jambo linalomfaa sana anayeshika usukani kwa mara ya kwanza.

Mzee wa Mizunguko:
Naongezea suala la upepo, ambalo kwangu ndilo kiini. Uwanja wa mbio wa Daytona huko Marekani, uliofunguliwa mwaka 1959, una mzunguko wa maili 2.5, yaani takriban kilomita 4, na kona zake zimeinuliwa kwa nyuzi 31, hivyo gari hupita kwa kasi kubwa bila kuhitaji breki nyingi. Mwaka uliofuata Junior Johnson, kijana wa North Carolina aliyejifunza udereva kwa kuwakimbia polisi akiwa amebeba pombe haramu, alikuwa na gari la Chevrolet lisiloweza kushindana na magari yaliyokuwa na kasi zaidi. Akatambua kwamba akijibana nyuma ya gari lililotangulia, ambalo humkatia upepo, anaweza kwenda nalo sambamba. Akashinda Daytona 500, mbio kubwa za NASCAR katika uwanja huo, kwa njia hiyo. Mchezo wa Sega uliibeba mbinu hiyohiyo, na ndiyo inayompa aliyeachwa nyuma tumaini la kumfikia mwenzake hadi mzunguko wa mwisho.

Gia_ya_Pili:
Nakubaliana nanyi kuhusu upepo na bodi, ila tusiipe NASCAR sifa isiyo yake. Ule ufundi wa kushusha gia ghafla ili gari liserereke kwenye kona, ambao mchezaji mzuri wa Daytona USA hawezi kuukosa, haukutoka kwenye uwanja wa duara, na saa inayohesabu sekunde kwa kurudi nyuma hadi sifuri ni desturi ya mashine za sarafu tangu zamani. Anayetaka NASCAR kwa uaminifu zaidi aitazame NASCAR Racing ya kampuni ya Papyrus ya mwaka 1994, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, ambamo mchezaji hurekebisha gari lake kabla ya mbio.

Usukani_wa_Kushoto:
Nawashukuru nyote. Hoja ya upepo imenifungua macho, kwa sababu mashine za Daytona USA ziliweza kuunganishwa hadi wachezaji 8 wakakaa bega kwa bega. Nilikuwa nikishangaa kwa nini katika mashindano hayo aliyeongoza mapema hakuwa na raha hata kidogo, kumbe alikuwa akiwakatia upepo wenzake wote waliomfuata.