Wiki tatu naambiwa "badilisha waya", kumbe spika ya katikati haipelekewi sauti kabisa. Wauzaji wa homu thieta mnatuchezea!

Wakuu, salaam. Nimeingia hapa na hasira na sitazificha. Uzi ni mrefu. Kama una mpango wa kununua homu thieta hivi karibuni, nakuomba usome kabla hujatoa hela yako.

Nilinunua seti ya 5.1 (spika tano na sabufa moja) kwa sababu moja tu: mama yangu. Masikio yake yamepungua nguvu, na hizi TV nyembamba za siku hizi nyingi spika zake zinatazama chini au nyuma, zinaupigia ukuta badala ya kumpigia mtu. Filamu ikianza anapandisha sauti mpaka madirisha yanatetemeka. Muziki unanguruma, magari yanalia, halafu mhusika akifungua mdomo maneno yanazama. Mama ananigeukia: "Mwanangu, wanasema nini hawa?" Mtu anaijua lugha, anaijua hadithi, lakini mpaka mtoto wake amrudie kila sentensi. Inauma sana.

Dukani nilieleza hivyo hivyo, neno kwa neno. Nikajibiwa hii ndiyo yenyewe: ina spika ya katikati maalumu kwa maneno, ina wati 1000, ina ARC (TV inairudishia mashine sauti kupitia waya wa HDMI), unachomeka waya mmoja tu kwenye TV na kazi imeisha. Kuhusu spika ya katikati hawakudanganya. Filamu iliyotengenezwa kwa 5.1, maneno mengi ya wahusika hupita chaneli (njia ya sauti) ya katikati. Kushoto na kulia hubeba muziki na matukio, mbili za pembeni na nyuma hubeba mazingira, mvua, umati wa watu, na hiyo ".1" ni chaneli ya besi peke yake, ukomo wake 120 Hz. Kwa hiyo asiyesikia vizuri anaihitaji ile spika ya katikati kuliko nyingine zote.

Kwangu ndiyo iliyokuwa bubu.

Fundi wao alikuja, akafunga waya, akapiga muziki wa kwenye simu, sabufa ikatikisa sebule, akaondoka. Jioni nikamwekea mama filamu. Kushoto inalia, kulia inalia, sabufa inapiga. Katikati kimya, nyuma kimya. Nilipiga magoti mbele ya meza ya TV nikabandika sikio kwenye kitambaa cha spika ya katikati mpaka kikanikwaruza. Nikasikia "ssss" nyembamba sana, ile ya amplifaya iliyowashwa isiyopewa cha kupiga. Maana yake spika ni nzima, waya wake ni mzima, amplifaya iko hai. Sauti tu ndiyo haiji.

Nikawapigia huduma kwa wateja, nikawaeleza mpaka hiyo "ssss". Jibu: badilisha waya wa HDMI. Nikanunua mwingine. Vile vile. Nikapiga tena: huo si wa kiwango, tafuta wa 8K. Nikanunua wa 8K. Vile vile. Mara ya tatu nikaambiwa TV yangu "haiendani" na mashine yao, nifikirie kubadilisha TV. TV nzima, wakuu!

Hapa ndipo hasira yangu inapochemkia. Waya mbovu wa HDMI hauchagui spika. Sauti inayopita humo ni tarakimu, chaneli zote zimefungwa pamoja kwenye mkondo mmoja. Waya ukiwa mbovu, sauti inakatika-katika, au inapotea yote, au mashine hazionani kabisa. Hakuna waya mbovu unaopitisha kushoto na kulia safi kabisa halafu ukaizuia ya katikati usiku na mchana. Mtu yeyote aliyekaa na hizi mashine anajua hilo. Sasa kwa nini anayelipwa kwa kazi ya kujibu simu halijui? Na kama analijua, kwa nini alinituma kununua waya mara mbili?

Siku ya ishirini na moja nikakaa chini na vitabu vyote viwili vya maelekezo, cha TV na cha mashine. Kile kioo kidogo cha mbele ya mashine kilikuwa kinaandika "PCM 2.0" tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakitazama kila siku nadhani ni jina la mtindo wa sauti. Kumbe mashine ilikuwa inanieleza kinachoingia: chaneli mbili. Mashine inapokea chaneli mbili, itapiga wapi ya katikati?

Nikaingia kwenye menyu ya TV, upande wa sauti, kwenye kipengele cha sauti ya kidijitali inayotoka nje. TV ilikuwa imewekwa "PCM", yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa. Kwa njia ya ARC ya kawaida, PCM ni chaneli mbili basi. TV inaichukua ile 5.1, inaikunja kuwa kushoto na kulia, ndipo inaituma. Nikahamisha kwenda "Bitstream", yaani sauti itumwe ikiwa imebanwa, mashine ndiyo iifungue (TV nyingine huandika "Auto" au "Pass Through"). Kioo kikabadilika kikaandika "Dolby Digital 5.1", na wahusika wakaanza kuongea katikati ya chumba. Ilichukua chini ya dakika moja. Mama alikuwa amekaa pale pale. Hakusema kitu, alichukua rimoti akapunguza sauti. Kwa mara ya kwanza AKAPUNGUZA.

Wiki tatu, waya mbili, simu tatu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali hili: "Kioo cha mashine yako kinaandika nini?" Swali hilo moja lingemaliza kila kitu siku ile ile.

Hiyo ARC nayo mtu haelezwi hata na anayemuuzia. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na kazi yake ni kurudisha sauti kutoka TV kwenda kwenye mashine kupitia waya ule ule. Njia yake ni nyembamba, kwa hiyo 5.1 inapita ikiwa imebanwa tu. Mwaka 2017 ikaja eARC pamoja na HDMI 2.1, njia pana zaidi, ya megabiti 37 hivi kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayobeba sauti isiyopunguzwa ya diski za Blu-ray na PCM ya chaneli nyingi. Zote mbili hutumia tundu moja maalumu nyuma ya TV lililoandikwa hivyo, ukichomeka tundu la jirani yake unapata ukimya. Na kwa TV nyingi lazima uwashe CEC (inayofanya vifaa vya HDMI viamrishane) kwenye menyu ndipo ARC ifanye kazi, halafu kila kampuni imeibatiza CEC jina lake. Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Mnunuzi wa kawaida atajuaje kuwa hicho ni kitu kimoja? Na kama chanzo chako ni kisimbuzi au kichezeo cha diski, kuna TV ambazo sauti ikipita ndani yake inakatwa kuwa chaneli mbili hata ukiweka menyu sawasawa. Kama mashine yako ina tundu la kuingiza HDMI, chomeka chanzo huko moja kwa moja, TV ibaki na picha yake.

Sasa wati. Sanduku limeandikwa 1000 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la bidhaa. Nimeigeuza mashine, kibandiko cha nyuma kinasema inatumia umeme wati 65. Najua kuna atakayekuja kunifundisha kuwa matumizi ya umeme huandikwa kwa wastani na si kwa kilele. Sawa, nakubali. Lakini hakuna mashine duniani inayotoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayoingiza. Ile 1000 ni PMPO, kilele cha kufikirika cha sehemu ndogo sana ya sekunde, wakajumlisha na chaneli zote. Kinachotakiwa kuandikwa ni RMS, nguvu ya mfululizo, kwa omu ngapi (ukinzani wa spika), na sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia ngapi. Wati 100 yenye uharibifu wa asilimia 10 ni sauti inayokwaruza masikio. Marekani walishaweka kanuni ya matangazo ya nguvu za amplifaya tangu mwaka 1974 kwa sababu ya uongo wa namna hii hii, na bado leo tunauziwa vibandiko.

Halafu hata hizo wati zikiwa za kweli, ukizidisha mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo mwingine hata haioni. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Mama yangu hakuhitaji wati 1000. Alihitaji chaneli moja ifanye kazi.

Nije kwa yule fundi, maana naye simwachi. Wiki ya pili mashine ilianza kuvuma, "mmmmm" nzito isiyokoma hata sauti ikiwa sifuri. Akaja, akasikiliza, akataka KUKATA mguu wa ethi kwenye plagi. Nilimzuia kwa mkono. Ule mguu ndio unaookoa mtu siku umeme ukivujia kwenye bati la mashine, na anayeshika mashine hiyo kila siku ni mama yangu. Mvumo wa 50 Hz, au 60 Hz kwa nchi zenye umeme wa namna hiyo, mara nyingi unatokana na vifaa vilivyounganishwa kupata ethi kupitia njia mbili tofauti, na mkondo mdogo unazunguka kwenye waya za sauti. Nilichomoa waya wa dishi nyuma ya kisimbuzi, mvumo ukafa papo hapo. Nikaurudisha, ukarudi. Kuna kifaa kidogo cha kutenganisha kinachofungwa kwenye waya wa antena, na kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja nako husaidia. Fundi anayekata ethi ili mteja anyamaze asiitwe fundi.

Huyo huyo alikuwa amegeuza nyekundu na nyeusi kwenye spika ya kushoto. Besi ikawa nyembamba na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi. Niligundua nilipoikagua mwenyewe kwa tochi.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Walioniambia "ungenunua saundibaa tu": saundibaa ya chaneli 2.0 yenye nembo ya Atmos (sauti ya Dolby inayotoka mpaka juu) kwenye sanduku bado ni spika mbili zinazoigiza. Kama unanunua kwa ajili ya maneno, hesabu namba ya kwanza iwe 3 au zaidi, yaani 3.1 au 5.1, hapo ndipo chaneli ya katikati inapokuwepo kweli.

Aliyeuliza nimeiwekaje sasa: spika ya katikati nimeisogeza mpaka ukingo wa mbele wa meza (nyuma zaidi sauti inagonga ubao na kuwa na ukungu), nimeinyanyua kidogo ielekee masikio ya mama, na nimeiongezea desibeli 3 kwenye menyu ya mashine. Usiku nawasha kile kipengele cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Milipuko inashuka, minong'ono inapanda.

Mwenye filamu za kwenye flashi zinazoonyesha picha bila sauti: angalia kama sauti yake ni DTS, aina nyingine ya kubana sauti. TV nyingi hazina leseni yake. Si spika zako.

Na tafadhali, anayekuja kuomba msaada kwenye uzi huu aandike kwanza kioo cha mashine kinasema nini, TV iko kwenye mpangilio gani, na waya umeingia tundu gani. Tusianze tena kutumana kununua waya.

Mimi kesho asubuhi narudi dukani na zile waya mbili, risiti zake, na picha ya kibandiko cha wati 65. Nataka hela ya waya, na nataka meneja wao aniambie kwa mdomo wake hiyo 1000 inatoka wapi. Nitawajuza alichojibu.